Nani Atamsemea Jivan?

Riwaya ya A Burning ya Megha Majumdar, mzaliwa wa Kolkata, ilitoka mwaka 2020. Mtu akikuuliza inahusu nini utamjibu haraka: Waislamu na Wahindu wa India. Si uongo. Lakini nilipoimaliza niliona dini ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umaskini.

Jivan ni binti Mwislamu wa mtaa wa mabanda, anauza nguo dukani. Treni inachomwa moto, watu zaidi ya 100 wanakufa. Yeye anaandika maneno machache Facebook ya kuilaumu serikali. Basi, polisi wanakuja usiku wanambeba. Uislamu wake unafanya watu waamini upesi kwamba ni gaidi. Umaskini ndio unamzuia kutoka: hana mkubwa wa kumpigia simu, na mwandishi wa habari anayemsimulia maisha yake anayageuza kabisa. Sisi ambao maisha yetu huandikwa na wengine, sehemu hiyo inauma. Ndugu zetu wa mashirika nao waisome polepole.

Nilichopenda ni kwamba Majumdar hakutuletea jambazi mmoja wa kumchukia. Alituletea watu wa kawaida wanaotaka kupanda kidogo. PT Sir, mwalimu wa michezo, aliwahi kumlisha Jivan shuleni alipokuwa na njaa. Sasa anajiunga na chama cha siasa kinachojinadi kwa Uhindu, anatoa ushahidi wa uongo mahakamani, na kila akikubali jambo baya maisha yake yanakuwa mazuri zaidi. Halafu yuko Lovely, ambaye ni hijra. Si hijra ya Mtume. Kule India ni jina la watu wasiohesabiwa kuwa wanaume wala wanawake. Jivan alikuwa anamfundisha Kiingereza. Lovely anasimama mahakamani kumtetea, bila woga. Lakini video yake inasambaa, anaitwa kuigiza filamu, na kumjua Jivan kunageuka hasara. Ananyamaza. Jivan ananyongwa.

Kwa kuwa kitabu ni cha Kiingereza, niliwasimulia vijana wetu kwa Kiswahili. Wengi wakasema Lovely ni msaliti tu. Dada mmoja akauliza, "Na wewe, kama faili lako la kwenda nje limebaki hatua moja, utaenda kumtolea ushahidi jirani aliyeshikwa?" Hakuna aliyejibu. Hata mimi niliyekuwa naongoza mazungumzo sikujibu.

Nina lawama moja. Jivan ni safi mno. Mtu ambaye karibu hana kosa ni rahisi kumlilia. Ningependa mwandishi atupe Jivan mkorofi kidogo, mwenye mdomo, aliyewahi kudanganya, halafu tuone kama bado tungemtakia haki. Maana hapa kwetu anayeshikwa huwa si malaika, na ndiyo sababu tunapata njia ya kusema, "Labda kuna kitu alifanya."

Pamoja na hayo, kitabu kimenibana. Nilikianza nikidhani nitasoma ugomvi wa dini za mbali. Nimekimaliza nikifikiria swali la yule dada, na bado sijamrudishia jibu.