Sanamu za Tervuren na sisi wana wa Kasongo

Karibu na Bruxelles, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati kule Tervuren, kuna sanamu za rangi ya dhahabu, kazi ya Arsène Matton, Mflamand wa Harelbeke. Yeye anageuza wazo kuwa mtu. Padri na watoto wa Kongo: ni Ubelgiji inaleta ustaarabu. Mwarabu wa kilemba anatesa Wakongo: ni Utumwa.

Mikono ya fundi ni mizuri, hatukatai. Lakini habari anayotupa ni nusu. Utumwa ulikuwa wa kweli, bankambo wetu waliuona. Ila mwaka 1887 mfalme Léopold II mwenyewe alimweka Tippu Tip, mkubwa wa Waarabu wa Kasongo, kuwa gavana wa Stanley Falls. Kiisha vita ikaja, na Aprili 1893 jeshi la Dhanis likaingia Kasongo. Ule mkataba wa kwanza haukupata sanamu.

Kwa jirani zetu Warega, katika Bwami, sanamu haisemi peke yake: mzee anaishika, anatoa mithali yake, wenzake wanasikia. Kule Tervuren waliochongwa hawakuulizwa neno.

Tangu 2018, kichwa kikubwa cha mbao cha Aimé Mpane, Mkongo, kimesimama katika ukumbi uleule. Ni jibu zuri. Letu sisi walimu ni lingine: kuwaambia watoto wetu, wenye kusema Kiswahili na kuvaa kanzu, kwamba yule wa kilemba na yule aliye chini yake, wote wawili ni bankambo wao.