Sifa za Daraja la Magogo

Ukitaja daraja mjini Kamembe, nchini Rwanda, watu watakuelekeza chini mpakani, kwenye mto Rusizi, ambako kina mama huvuka kila asubuhi na mizigo kichwani kwenda Bukavu, upande wa Kongo. Hawajakosea. Lile ni daraja la nchi mbili, lina bendera, askari na maofisa wa forodha. Mimi nataka kusifu madaraja mengine, yasiyo na jina wala jiwe la uzinduzi: magogo machache ya mkaratusi yaliyolazwa juu ya kijito, kwenye barabara za udongo zinazopanda kutoka Ziwa Kivu kuelekea msitu wa Nyungwe. Hupita hapo lori la mbao, gari la chai, pikipiki yenye magunia ya makaa, na mjamzito anayewahi kituo cha afya. Kila baada ya miaka kadhaa mojawapo huchoka, na lazima mtu alibadilishe. Kazi hiyo ya kubadilisha naiweka juu kuliko ya kujenga mahali papya.

Anayejenga mahali papya hukisia. Anayebadilisha ameachiwa ushahidi. Ni nadra gogo la daraja kukatika katikati kwa uzito wa lori; huozea vichwani, pale linapolala kwenye udongo wa ukingo, ambapo unyevu haukauki na mchwa hawana wa kuwasumbua. Kwa juu daraja linaonekana zima, na dereva anapita huku akipiga mluzi. Fundi mzoefu hata sakafu haiangalii. Anashuka bondeni, anagonga vichwa vya magogo kwa kisogo cha shoka na kutega sikio. Gogo zima hutoa mlio mkavu. Lililooza humeza pigo. Kisha anachomeka mtarimbo, na ukizama kama kijiko kwenye ugali, mjadala umekwisha.

Baada ya hapo ni zamu ya mto. Nyungwe, msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000 ambao mwaka 2023 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, umekaa juu ya mgongo wa milima unaogawanya maji ya Nile na maji ya Kongo. Vijito vya upande wa Kamembe humalizikia Rusizi, vikaingia Tanganyika, vikatokea Lukuga hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Safari ndefu hiyo, lakini Julai kijito chenyewe unakiruka bila kulowesha kiatu. Aprili kinabeba mawe na mizizi. Na kwa kuwa ujenzi hufanyika kiangazi, kishawishi ni kuupima mto ukiwa umelala.

Nilimsikia mzee mmoja fundi akimwambia kijana wa pale kijijini, kabla hajagusa hata msumari: "Hebu nionyeshe maji ya masika yalifika wapi."

Kijana akaonyesha majani makavu yaliyonasa kwenye matawi ya kichaka cha ukingoni, usawa wa kifua chake. Mzee akapigilia kijiti pale, akavusha usawa ule hadi ng'ambo kwa mpira wa maji, uleule ambao waashi hutumia kusawazisha kuta, akafunga uzi. Halafu akaagiza tumbo la magogo mapya likae zaidi ya urefu wa mkono juu ya uzi.

"Lakini muzee, maji hayafiki huko," kijana akasema.

"Maji hayafiki. Gogo linaloelea juu ya maji je?"

Ndivyo madaraja mengi yanavyopotea. Shina lililong'olewa na mafuriko hujikwaa darajani, hukusanya matawi na majani, na kwa muda mfupi kijito kimezibwa. Maji hutafuta njia ya pembeni na kula ukingo. Asubuhi watu wanalikuta daraja limesimama wima, mto umehamia kando yake. Ndiyo maana fundi wa kweli hutumia siku nyingi zaidi kwenye kuta za mawe za kila upande, na kwenye kuchimba msingi hadi chini ya kokoto zinazohamahama, kuliko kwenye mbao zinazoonekana na wageni wa wilaya.

Miti haitoki Nyungwe. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Inatoka kwenye mashamba ya mikaratusi iliyozagaa vilimani, mti ulioletwa na wageni mwanzoni mwa karne iliyopita. Ni mrefu, umenyooka, mzito, na una hasira. Ukiuangusha, nguvu iliyojifunga ndani ya shina huachia na vichwa hupasuka. Kwa hiyo fundi huvibana kwa waya mapema, huvuta gogo kivulini, hulimenya ganda lote ili wadudu wasipate maficho. Wakati wa kulaza hupishanisha, shina hili upande huu na la jirani yake upande wa pili, ili unene ulingane. Mawili manene kuliko yote huyaweka chini ya njia za magurudumu. Pale gogo linapokalia kizingiti hulichonga kwa tezo kidogo kidogo, hulijaribu, hulinyanyua tena. Likitikisika hata kidogo halijakaa. Nyuma ya vichwa huacha nafasi ya hewa, na kati ya mbao za sakafu huacha upenyo wa kidole ili mvua ipite ianguke mtoni.

Yote hayo hufanyika huku barabara ikidaiwa. Eneo hili ni la chai. Kiwanda cha Shagasha kiko humuhumu wilayani Rusizi, na jani likishachumwa linatakiwa kufika kiwandani siku ileile, la sivyo linaungua ndani ya gunia. Huwezi kumwambia mkulima asubiri majuma mawili. Fundi hubomoa nusu ya daraja, nusu nyingine inaendelea kupitisha pikipiki na vichwa vyenye mizigo, kisha anageuza. Sijui kazi nyingi za ujenzi ambamo mteja hutembea juu ya kazi yenyewe tangu siku ya kwanza.

Wapo wanaosema zama za magogo zimepita, na kwa sehemu nakubaliana nao. Huko Kasese nchini Uganda, na Kigoma nchini Tanzania chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, vijito vya namna hii vinavukwa kwa matao ya mawe. Mawe ya palepale hupangwa juu ya umbo la mbao, saruji ikikauka umbo linaondolewa, na tao hubaki limejibana kwa uzito wake wenyewe, bila nondo. Sisi mawe tunayo, na saruji inachomwa Bugarama, wilayani mwetu, tangu miaka ya 1980. Pale ambapo kijito ni chembamba na ukingo ni imara, tao lijengwe. Ila anayejua kubadilisha daraja la magogo ndiye wa kwanza kuajiriwa, maana kusoma mto, kuchimba msingi na kutengeneza lile umbo la mbao ni kazi zilezile. Na juu kabisa, kwenye njia za wakata miti ambako hakuna lori litakalopandisha saruji, gogo litaendelea kwa muda mrefu.

Nina lawama moja, na inatuhusu sote tunaotoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tukifika darajani tunamwaga udongo juu ya mbao ili pikipiki zisirukeruke, tunausawazisha, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Udongo ule unashikilia maji mwezi mzima na kuyaozesha magogo. Mwezi ujao njoo na koleo: ondoa udongo wote juu ya sakafu, fukua vichwa vya magogo pande zote mbili, zibua mfereji wa barabara kabla haujafika darajani.