Miti na Msitu: Uhakiki wa Lugha ya Upandaji Miti

Methali isemayo “Penye miti hakuna wajenzi” hutumiwa kueleza mahali penye neema pasipo na wa kuitumia. Maana hiyo haina utata. Linalopuuzwa aghalabu ni mtazamo unaoibeba: mti umechukuliwa kuwa nguzo inayosubiri kukatwa. Methali nyingine, “Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba”, hutazama mti huo huo kwa jicho jingine. Hapa mti ni makao, na kuanguka kwake ni msiba wa wengi. Mvutano wa mitazamo hii miwili waonekana wazi katika lugha inayotumiwa leo kuhusu miti na mabadiliko ya tabianchi.

Mnamo Desemba 2022 Serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikawa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Lugha ya mpango huu ni lugha ya hesabu. Kitenzi chake kikuu ni “kupanda”, ambacho hueleza tendo linaloweza kumalizika siku ile ile. Kutunza, kupalilia na kungojea havimo ndani yake. Tena, lengo la asilimia 30 lililowekwa ni la eneo lililofunikwa na miti, wala si la misitu. Tofauti hii si ndogo: tathmini ya taifa ya mwaka 2021 ilikuta miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu asilimia 8.83 tu.

Eldoret ni mahali pafaapo kuupimia usemi huu. Kwa miongo mingi kandokando ya mji huo palikuwa na mashamba makubwa ya miwati, miti yenye asili ya Australia iliyokuzwa kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Leo mikaratusi imeenea mashambani, na katika nyanda za juu za jirani kuna misonobari na misaipresi iliyopandwa kwa safu. Kisha, katika vilima vya Cherangany, uko msitu wa asili; huko ndiko utokako Mto Moiben, unaojaza bwawa la Chebara ambalo maji yake hunywewa Eldoret. Mara nyingi miti ya safu na msitu huo wa asili huitwa kwa jina moja, “msitu”.

Jina hilo moja huficha kazi mbili. Mti wowote unaokua huvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi. Lakini miti ya safu hupandwa ili ikatwe, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo hurudi hewani. Msitu wa asili ulioachwa ujirudie huendelea kuikusanya kwa miongo mingi. Mwaka 2019 Simon Lewis na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba karibu nusu ya eneo ambalo mataifa yaliahidi kurejesha misitu lilikusudiwa kuwa mashamba ya miti ya biashara.

Yaweza kujibiwa kwamba mkaratusi humpa mkulima kuni, nguzo na karo ya watoto, na hivyo hupunguza haja ya kukata msitu wa asili. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inautetea mkaratusi kama zao, nayo haithibitishi kwamba zao hilo ni msitu.

Upungufu mwingine wa lugha hii wahusu watu. “Kuingia msituni” kwa Kiswahili ni kutoroka au kupigana, kama ilivyosemwa juu ya wapiganaji wa Mau Mau. Mtu ambaye msitu ni kwao hana nafasi katika usemi huo. Wasengwer wa Embobut, katika vilima hivyo hivyo vya Cherangany, walipofukuzwa Januari 2014 kwa jina la uhifadhi, walihesabiwa kuwa maskwota.

Basi wajibu wa waandishi, wafasiri na walimu wa Kiswahili ni bayana. Palipopandwa miti ya kukatwa paitwe “shamba la miti”. “Msitu” ubaki jina la mahali ambapo miti, wanyama, maji na watu hutegemeana, na “kurejesha msitu” kusitumiwe kwa kazi ya siku moja. Kamusi haipandi mti, lakini hesabu inayotumia neno lisilo sahihi yaweza kutimia huku Moiben ukikauka.