Mji Ulionyimwa Kupona

Ipo miji ambayo mtu hajapata kuikanyaga, wala hataikanyaga, na bado angeweza kumwelekeza mgeni njia. Kwangu mimi mmojawapo ni Gotham, mji wa Batman, yule tajiri ajifichaye usiku katika vazi la popo na kuwaandama wahalifu. Wajukuu zangu ndio walionitia humo. Walianza kwa kunitaka niwaeleze maneno magumu, wakaishia kunikuta nasoma peke yangu. Sasa nina neno la kusema, na neno lenyewe si juu ya Batman. Ni juu ya mji wake.

Batman alizaliwa kitabuni mwaka 1939, kwa mikono ya Wamarekani wawili, Bob Kane na Bill Finger. Jina la Gotham lilifuata muda mfupi baadaye, lakini halikuwa jipya. Mwandishi Washington Irving alikuwa ameubandika mji wa New York jina hilo kwa dhihaka tangu mwaka 1807. Yeye alilitoa katika kijiji kimoja cha Uingereza ambacho watu wake, kwa mujibu wa ngano, walijifanya wapumbavu ili mfalme asipitie kwao. Basi Gotham tangu mwanzo ni New York iliyovikwa barakoa, kama shujaa wake.

Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa pazia tu la nyuma ya jukwaa. Aliyeupa historia ya kuuma ni mwandishi Dennis O'Neil. Mwaka 1974 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Arkham ilitokea katika hadithi yake, na mwaka 1976 akaandika juu ya mtaa uitwao Uchochoro wa Uhalifu. Hapo ndipo mtoto Bruce Wayne, ambaye baadaye angekuwa Batman, aliwaona wazazi wake wakipigwa risasi. Zamani mtaa huo uliitwa Park Row, nao ulikuwa wa watu wenye nafasi zao. Kisha ukachakaa, na hatimaye hata jina lake la heshima likapotea. Tukumbuke miaka yenyewe: mwaka 1975 New York ya kweli ilikuwa imebaki hatua moja tu kabla ya kufilisika, na katika eneo la Bronx nyumba nyingi zilikuwa zikiungua moto. O'Neil hakuhitaji kubuni mengi.

Hadithi ile ya 1976 naipenda kwa mambo mawili. Kwanza, inatuambia kwamba mtaa hauzaliwi mbaya. Pili, imo ndani yake mwanamke mzee, Leslie Thompkins, aliyemfariji mtoto yule usiku wa msiba na ambaye hakuhama. Waandishi waliofuata walimfanya daktari mwenye zahanati pale pale uchochoroni. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kifo cha wazazi wake, Batman huenda kumwona. Mwenye nguvu humwendea mwenye subira. Hilo ni somo ambalo ningelifundisha darasa lolote bila haya.

Lakini sasa nije kwenye lawama yangu. Gotham hairuhusiwi kupona. Mgonjwa akiingizwa Arkham leo, kesho ametoroka. Mwizi akifungwa mwezi huu, mwezi ujao yuko barabarani. Biashara ya vitabu inataka mji uendelee kuugua, maana ukipona, shujaa hana kazi. Hebu tuulinganishe na mji uliouzaa. Mwaka 1990 watu zaidi ya 2,200 waliuawa New York. Mwaka 2017 idadi ilikuwa chini ya 300. Wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu sababu zake, lakini hakuna anayesema kwamba ilikuwa kazi ya mtu mmoja aliyeruka juu ya mapaa usiku. Mji wa kweli ulibadilika. Kivuli chake kimebaki palepale.

Na ugonjwa huo haugawanywi sawasawa. Mwaka 1998 waandishi waliipiga Gotham kwa tetemeko la ardhi. Katika mfululizo wa mwaka 1999 serikali ya Marekani inaufuta mji katika nchi, inawaamuru watu wahame na kuyalipua madaraja. Wanaobaki, mbali na wahalifu na polisi wachache wakaidi, ni wale wasio na pa kwenda au waliokataa kuondoka, na mitaa inagawanywa baina ya magenge kama nyama ya mnadani. Mfululizo huo angalau unakaa na waliobaki na kuonyesha njaa yao. Sinema ya mwaka 2005 haina subira hiyo. Humo mtaa wa maskini, Narrows, uko kisiwani pamoja na Arkham. Hewa ya sumu inapofunguliwa ili watu wapagawe, madaraja yanainuliwa, na waliomo wanabaki humo humo na hofu yao. Kisha macho yetu yanapelekwa haraka kwenye treni inayoelekea katikati ya mji, kana kwamba huko ndiko kwenye watu hasa. Nilipoitazama nilijikuta nauliza: wale wa kisiwani je?

Naliuliza hilo nikijua kwamba nami nimepata kuinua daraja. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja wa kike aliomba apangiwe mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya mtaa wenye jina baya. Jina lenyewe silitaji, maana kulitaja ni kulirefushia maisha. Nilimwita ofisini nikamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba binti kama yeye hakuwa na la kufanya kule. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mwalimu, kule ndiko nyumbani."

Nilimruhusu, kwa aibu zaidi kuliko kwa hekima. Nilikuwa nimeishi mji ule miaka kadhaa na mtaa wao nikiujua kwa sifa tu. Nilipokwenda kumkagua nilimwona fundi cherehani barazani, mama akikaanga mihogo, na darasani watoto zaidi ya 70 wakigombea kujibu. Walevi nao walikuwapo, sitasema uongo. Lakini walikuwa wachache kuliko jina la mtaa lilivyoniaminisha.

Ndiyo maana siwakatazi wajukuu vitabu hivi. Vina picha nzuri, na giza lake lina ukweli fulani ndani yake. Ila tukisoma pamoja huwasimamisha kwenye ukurasa wa uchochoro na kuwauliza: nani anakaa kwenye dirisha lile la juu? Watoto wake wanasoma wapi? Asubuhi, popo akishalala, nani anafagia vioo? Mwanzo walikuwa wakicheka. Juzi mdogo wao amenijibu kwamba anayefagia ni yule daktari mzee, kwa sababu yeye hahami. Nimempa alama zote.