Hadithi Kuwa Chombo cha Hoja

Msimulizi wa jadi aitapo "Paukwa!" haendelei mpaka ajibiwe "Pakawa!" Jibu hilo ni mapatano: wasikilizaji wamekubali kusikiliza, naye amejifunga kuwafikisha mwisho. Mwandishi wa makala hana bahati hiyo. Msomaji wake akichoka hufunga kitabu. Na kwa maandishi ya intaneti yasomwayo katika simu, kidole kimoja chatosha kumwondoa. Kwa sababu hiyo waandishi hushauriwa kuzivika hoja zao fani ya hadithi. Ushauri huo ni mwema, lakini yatupasa kuuliza: hadithi ifanye kazi gani?

Shaaban Robert ametuonyesha jibu katika Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Karama ashitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Badala ya kujitetea kwa hotuba moja, asimulia kwa siku sita habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kuitafutia nchi manufaa, na kila mmoja aliporejea akatiwa kifungoni. Kila siku kisa kimoja hukamilika, na kingine hungojwa hadi kesho. Taharuki ipo, wala haikuwekwa kwa ajili ya utamu peke yake. Marudio yale ndiyo ushahidi wenyewe: mjumbe mmoja akifungwa, twaweza kusema ni bahati mbaya, wakifungwa sita, ila i katika utawala. Hoja imekomaa ndani ya masimulizi, na hatuwezi kuitenga nayo.

Hatusemi kuwa kitabu hakina dosari. Hotuba zake nyingine ni ndefu, na wahusika kama Majivuno ni tabia zilizopewa majina kuliko watu tuwajuao mitaani. Hata hivyo msingi wake ni imara.

Maandishi mengi ya leo hufanya kinyume. Huanza kwa kisa cha kusisimua, kisha kisa hutupwa njiani, na hoja hufuata kavu. Kisa cha namna hiyo ni chambo tu. Kipimo chake ni rahisi: kiondoe, hoja ikibaki nzima, kilikuwa pambo.

Basi twawaomba walimu wampe mwanafunzi hoja moja, tuseme faida ya kuchemsha maji ya kunywa, naye aijenge juu ya mtu mmoja, shida yake, na tendo lililoibadili. Katika kila aya ajiulize: msomaji angetaka kujua nini hapa? Swali hilo ndilo "Pakawa" ya maandishi.