Ting: baraza lililozaa kitu

Neno ting la Kinorwe lina maana mbili zinazoonekana hazina udugu: en ting ni kitu chochote, et ting ni baraza la kutunga sheria au kuamua kesi. Ndilo lililomo katika Stortinget, Baraza Kuu, Bunge la Norwe tangu 1814. Ni rahisi kudhani kitu kilitangulia, maana watu walishika vitu kabla ya kuitisha mabaraza. Naamini ni kinyume. Tuanze na sauti: neno la Kigermaniki cha kale lililoanza kwa th, kama ya thamani, Kiingereza kililiacha hivyo, Kijerumani kikatia d, Kinorwe kikatia t. Tatu ni three, drei, tre. Kufikiri ni think, denken, tenke. Basi thing, Ding na ting ni ndugu wa tumbo moja, na maana ya awali tuitafute kwa mzazi wao. Kwenye Ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza, askari wa Kigermaniki waliotumikia Roma karne ya 3 walimwekea madhabahu Mars Thincsus, ambaye wataalamu wengi humtambua kuwa mungu wa baraza. Biblia ya Kigothi, ya karne ya 4, ina þeihs, ndugu wa neno hili, kwa maana ya wakati. Wakati uliopangwa, kisha mkutano wa wakati huo: mfuatano huu unaingia akilini. Kutoka kitu hadi wakati, sioni njia.

Atakayepinga atataja jinsia: en na et ni za jinsia tofauti, basi huenda ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu. Lakini katika Kinorse cha kale þing lilikuwa na jinsia moja kwa maana zote mbili. Mgawanyiko ulikuja baadaye. Pingamizi zito zaidi ni hili: mkutano unageukaje kuwa jiwe au kijiko? Kwa hatua. Barazani huletwa kesi. Kesi yenyewe ikaitwa þing, kisha jambo lolote lenye kuzungumzwa, mwishowe chochote kisichotajwa kwa jina lake. Kilatini kilipita njia hiyohiyo: causa, kesi, ndiyo chose ya Kifaransa na cosa ya Kiitalia, yaani kitu. Nasi tunalo shauri, lililotoka kwenye Kiarabu cha kushauriana. Leo mashauri husikilizwa mahakamani, na "shauri yako" ni jambo lako mwenyewe, hata kama hukushauriana na mtu. Kinorwe kimehifadhi hata dalili ya mazungumzo yale: kitenzi tinge, chenye shina hilohilo, maana yake ni kupatana bei.