Herufi R kwenye Mswada wa Golding

Septemba 1953 mwalimu mmoja wa sekondari mjini Salisbury, Uingereza, alituma mswada wa riwaya kwa kampuni ya Faber and Faber, London. Hakuna aliyemwomba. Jina lake, William Golding, lilikuwa geni kwao, na mswada wenyewe ulikuwa umeshapiga hodi kwa wachapishaji wengine: karatasi zimeingia umanjano, kingo zimejikunja. Faber walikuwa na msomaji wa kulipwa aliyechambua miswada ya namna hiyo, inayoletwa na posta bila mwenyewe kujulikana. Aliupitia, akaandika kwa wino wa kijani kwamba ni njozi ya kipuuzi kuhusu bomu la atomiki, haina maana na inachosha. Kisha akaandika herufi R, alama ya kukataa, akaizungushia duara.

Kisa hiki husimuliwa ili msomaji yule achekwe, kwa kuwa mswada ule ndio uliokuja kuwa Lord of the Flies, na mwaka 1983 Golding akapewa Tuzo ya Nobel. Mimi naona anaonewa. Riwaya tunayoijua inatukutanisha mara moja na watoto wawili, Ralph na Piggy, wakiwa tayari kisiwani. Mswada haukuanza hapo. Ulitanguliwa na kurasa kadhaa za vita vya nyuklia na jinsi watoto walivyohamishwa kwa ndege. Aliposema ni hadithi ya bomu, alikuwa anaeleza kilichokuwa mbele ya macho yake. Kuhusu kurasa za mwanzo alikuwa sahihi. Alipoteleza ni pale alipozichukulia kurasa hizo kuwa ndizo kitabu.

Na kuteleza huko kumo ndani ya kazi yenyewe. Mwenye kukabidhiwa rundo la miswada hutakiwa kulipunguza. Hazina, ikiwamo, itajitokeza yenyewe. Anaanza na barua ya mwandishi, anasoma kurasa za mwanzo, labda anachungulia katikati, na muda wote anatafuta sababu ya kuuweka chini auchukue unaofuata. Hali ya karatasi nayo inasema: mswada uliochakaa ni mswada uliokwisha kukataliwa kwingine, na kila anayeuona hivyo anapata ujasiri wa kukataa zaidi.

Aliyeuokoa ni Charles Monteith, mwanasheria aliyekuwa ameingia Faber mwaka huohuo kama mhariri. Aliutoa kwenye miswada ya kurudishwa ili apate cha kusoma kwenye treni ya Oxford. Naye mwanzo haukumvutia. Tofauti ni kwamba alikuwa ndani ya treni, hana rundo pembeni, akaendelea mpaka akafika kisiwani, na huko akanasa. Kilichofuata ndicho cha kutazamwa na wahariri wetu. Monteith hakuwaambia wenzake kwamba msomaji ni mjinga. Alimrudia mwandishi na orodha ya marekebisho: kurasa za vita ziondolewe, na mambo ya kimiujiza yanayomzunguka mtoto Simon yapunguzwe. Jina la awali, Strangers from Within, nalo likaachwa. Golding alikubali kukata, na kitabu kikatoka Septemba 1954. Kwa maneno mengine, malalamiko ya wino wa kijani yaligeuzwa kuwa kazi ya uhariri.

Kuna kukataa kwa aina nyingine kabisa, na kulitokea Faber hiyohiyo. Mwaka 1944 George Orwell aliwapelekea mswada wa Animal Farm, akaeleza kwenye barua kwamba umejikunja kidogo kwa sababu ya bomu la Wajerumani. T. S. Eliot, mmoja wa wakurugenzi, alikiri kwamba umeandikwa vizuri sana. Akaukataa kwa sababu hakuridhika kwamba huo ndio msimamo sahihi wa kuikosoa siasa ya wakati ule, Urusi ikiwa mshirika wa Uingereza vitani. Hapo hakuna sentensi ambayo Orwell angeirekebisha ikasaidia. Ilibidi atafute mchapishaji mwingine. Alimpata, kitabu kikatoka 1945, na mwaka 1967 Fortunatus Kawegere akatuletea Shamba la Wanyama.

Kwetu, mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa James Ngugi alilikwepa rundo zima. Katika mkutano wa waandishi uliofanyika chuoni hapo Juni 1962 alimkabidhi Chinua Achebe mswada wake mkononi. Achebe aliusoma, ukafika Heinemann, waliokuwa ndio kwanza wanaanzisha mfululizo wa waandishi wa Afrika, na Weep Not, Child ikatoka 1964. Sifa ya mswada ilihesabika, bila shaka, lakini ulipita kwa msomaji anayeijua dunia yake, ukaingia mahali palipokuwa panatafuta vitabu vya aina hiyo.

Nairobi na Dar es Salaam leo, mhariri anayefungua bahasha ya riwaya ya Kiswahili huwa na swali jingine kabla ya mtindo na wahusika: shule zitakinunua? Mwandishi akiandikiwa kwamba mswada wake haulingani na mpango wa kampuni, mara nyingi ndilo swali hilo limejibiwa, na kuandika upya sura ya kwanza hakutabadilisha kitu. Akiandikiwa kwamba hadithi inachelewa kuanza, hiyo ni barua nyingine. Hiyo arudi nayo mezani, akate.